Karani Akirudi Kumuuliza Gichuru

Nabwire,

Ugali uko kwenye sufuria ndogo, mboga ya sukuma utakata mwenyewe. Wageni wakija wape chai.

~~Karani wa kanjo akirudi, sema Gichuru ni mjomba wako.~~

Hapana, hiyo nimefuta. Asubuhi karani alisimama mlangoni akaonyesha kitanda cha nyuma ya pazia. "Nani analala hapa?" Nikajibu mbio, "Ndugu yangu." Mkikuyu, ndugu ya Mbukusu! Hata Gichuru mwenyewe aliinamisha kichwa. Baba yako akaweka kikombe chini. "Si ndugu, ni mpangaji, na najua kanjo hairuhusu tupangishe mtu katika nyumba ya baraza la jiji. Mimi ni mtu wa Yesu, bwana karani, siwezi kukudanganya."

Mimi, mwenye maneno mengi, nikageuka kumtazama. Nyumba inaweza kutuponyoka leo, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliye kwenye maombi. Miaka yote hii naishi na mtu mkubwa hivi, sikujua!

Tumeitwa ofisini sote watatu. Akija karani mwingine, mwambie kweli, hata sauti ikitetemeka. Majirani niachie mimi. Nitawasimulia mwenyewe, na leo sitatia chumvi.

Mama