Bibi Mjamzito

Jumanne, usiku

Bado nacheka peke yangu kitandani. Baba Neema ameshanifinya mara mbili.

Leo kwenye kamati ya zahanati, hapa Daraja Mbili, nilisema tena kwamba wakimbizi kutoka Kongo wanahitaji mkalimani. Mwenyekiti akanikatiza kama kawaida: "Mama Neema, wale si wanaongea Kiswahili?"

Basi nikamwinua jirani yangu Jean, Mkongo niliyemwalika makusudi.

"Bibi yangu iko na mimba," akasema. "Nilisema anaumwa tumbo, wakatupanga kwa foleni ya wazee."

Mwenyekiti akavua miwani. "Bibi yako? Ana umri gani?"

"Makumi mbili na sita."

Ningeweza kumwambia palepale kwamba kwao bibi ni mke. Nikanywa chai yangu taratibu.

Ila nikikumbuka yule mke wa Jean alivyokaa kwenye foleni asubuhi nzima akishikilia tumbo, kicheko kinakatika. Je, kama mimba ingeharibika?

Mwishowe nikafafanua. Mwenyekiti akatangaza, eti wazo lake, kwamba tutafute mkalimani. Nikapiga makofi kuliko wote.

Tulipokuwa tunatoka nikamuuliza Mwenyekiti, kwa heshima zote, bibi yake hajambo?

Safari hii alifikiri kwanza, ndipo akajibu.