Maji ya Moto ya Mama Mchungaji

Adelphi, Maryland

Dada yangu Mama Kioko,

Uko aje, na lile goti bado linakusumbua? Mimi sina ugonjwa, nimenenepa tu. Kalia kiti vizuri, maana hii habari siwezi kuibeba peke yangu.

Unakumbuka mke wa mchungaji wetu wa hapa, yule nilikuambia anavaa kofia kama sinia? Anaishi chini yangu. Tangu Januari jengo letu halikuwa na maji ya moto, tukawa tunachemsha na sufuria kama tuko Machakos. Jirani yangu Bi Salma, Mwislamu wa Mombasa, ndiye peke yake alimwandikia mwenye nyumba kulalamika. Huyo naye akamjibu kwa kumpeleka koti, mbele ya jaji, ahamishwe, yeye na watoto watatu. Nikamwendea Mama Mchungaji, nikamwomba kanisa letu tuende tuwe mashahidi, si sisi wote tunaoga na karai? Akanitazama kama mtu ameona mende kwa chai. Ati Waislamu wana wenyewe.

Basi yule nyanya ninayemtunza kazini, Bi Ruth, ni Myahudi. Akanialika Pasaka yao, akasema nije na jirani. Hao ni Wayahudi wa kisasa: rabi wao, yaani mchungaji, ni mwanamke, anavaa suruali, na hakuna mtu anazimia. Mimi na Salma tukapika chapati ishirini ndio tusiende mikono mitupu. Kumbe Pasaka yao ni ya kukumbuka vile walitoka utumwani Misri mbio mbio, na siku hizo vitu vya ngano kama chapati haviingii kwa nyumba hata kipande. Niliona haya, dada. Rabi akacheka, akasema tuzile nje kwa ngazi, kisha akaja akaketi na sisi, yeye hagusi, anauliza tu tunaishi aje. Hapo Salma akamwaga yote, ya maji na ya koti.

Rabi akamwambia, "Nikikaa kwa ile meza niseme tulikuwa watumwa, halafu uende koti peke yako, basi nimekula bure."

Siku ya kesi yenyewe, kule koti ya Upper Marlboro, walikuja Wayahudi kumi na wawili, hata Bi Ruth na mkongojo wake. Kutoka kanisa letu, mimi tu. Nikaapa, nikamweleza jaji vile tunaoga. Wakili wa mwenye nyumba akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia, "Sijasoma, lakini maji baridi nayajua." Jaji akakataa Salma ahamishwe, akaamuru mabomba yatengenezwe jengo lote.

Maji ya moto yalipotoka tu, Jumapili Mama Mchungaji akasimama mbele akashuhudia ati alifunga siku tatu, ndio Mungu akafungua maji. Watu wakapiga makofi, wajinga hao. Jina la Salma hakulitaja, na Wayahudi ndio kabisa.

Sasa kila asubuhi namsikia huko chini anaoga saa nzima akiimba, mpaka kwetu juu yanatoka baridi. Nilitaka kushuka nimgongee mlango. Salma akanishika mkono.

"Mwache, shoga," akasema. "Mtu mchafu namna ile ataka maji mengi."

Nisalimie shemeji fundi wa baiskeli, na mama mkwe wako, na huyo binti yako mwalimu anayekusomea. Asiruke hapo pa uchafu.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Mutua