Kabla ya Fataki za Diwali

Mji wa Kale, Mombasa
3 Oktoba

Dada Mbodze,

Salamu nyingi. Huko Kaloleni hamjambo? Mwanangu Joy hajambo, ila mimi si mzima. Nakuandikia barua kwa sababu simu nimeivunja: ililia ghafla, nikaibamiza ukutani.

Tangu lile kontena limwangukie mwenzangu wa kazi Jared mbele ya macho yangu bandarini, kishindo chochote hunirusha. Juzi jirani alidondosha sufuria; nilipojitambua, nimeshamnyakua Joy na mguu mmoja uko nje ya dirisha. Ghorofa ya pili, dada! Daktari aliniuliza kama nilikuwa mtu wa papara tangu zamani. Nikamwambia akuulize wewe. Akasema kwa watu kama mimi hofu hukuta mlango wazi, mwili ukatenda kabla ya akili.

Tarehe ishirini ni Diwali, na fataki zitalia mtaa mzima. Mama yake Joy yuko Doha, sina mwingine. Njoo umchukue mwanangu kabla ya siku hiyo. Naiogopa mikono yangu.

Nduguyo,
Kadenge

Kaloleni
11 Oktoba

Mdogo wangu,

Sisi wazima, ila mgongo wanisumbua. Pole sana kwa msiba wa Jared. Lakini wewe nawe! Si wewe uliyeruka kutoka juu ya mnazi kwa kuogopa nyuki watatu? Ukaoa mtu uliyemjua wiki mbili? Papara umezaliwa nayo. Na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka; itapita tu. Nina makuti ya watu nashona, na mvua ziko karibu. Nitakuja tarehe ishirini na tano. Mbusu Joy.

Dadako,
Mbodze

Hospitalini, Mombasa
22 Oktoba

Dada,

Natumai mgongo umepata nafuu. Anayeandika ni Trizah, jirani yangu wa chini. Mimi nasema tu, nimelazwa na nyonga imevunjika.

Jioni ile ya Diwali nilimwachia Trizah mtoto, nikamwomba anifungie mlango kwa nje. Kwa papara yangu nikasahau dirisha. Fataki ya kwanza tu, sikumbuki tena. Trizah anasema alinikuta chini barabarani nimeulalia mto wa Joy, nimeukumbatia kwa mikono yote miwili, umepasuka. Nilikuwa nikiuambia usiogope, baba yupo.

Njoo sasa, dada, makuti yangoje. Ukifika kwa Trizah usigonge mlango. Piga hodi taratibu, kwa sauti ya chini.

Joy naye ameanza kushtuka.

Nduguyo,
Kadenge