Pua ya Kuazima

Jumanne, 8 Oktoba

Darasa la watu saba leo. Wakanada wanne, mume na mke Waholanzi, na Mmeksiko mmoja! Ajabu. Watu wetu hawalipi kufundishwa mole, mchuzi wetu mzito wa pilipili na chokoleti, kila mtu ana mama yake. Huyu ni Heriberto Garza, wa Monterrey huko kaskazini. Mrefu, mjane, kofia mkononi muda wote kama yuko kanisani. Alikuwa akiuza matairi, sasa duka ni la mwanawe.

Sokoni alitufuata nyuma nyuma, hakupiga picha hata moja. Wenzake walipiga picha panzi wa kukaanga, matumbo, hata mbwa wa mchinjaji. Yatziri, binti wa kaka yangu, ndiye anayewatafsiria. "Shangazi anasema…" na mimi sijafungua mdomo!

Kwa Delfina wa pilipili niliwaambia wasogee wanuse. Nami nikainama juu ya gunia, nikafumba macho, nikavuta pumzi ndefu. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika.

Hewa. Hewa tu. Kama kunusa kioo.

Tangu ile korona. Mwaka wa nne huu. Ulimi umebaki na mambo yake machache — chumvi, sukari, uchungu, ukali. Mengine yote yamehama. Sijamwambia mtu. Nani atakuja kufundishwa na mpishi asiye na pua?

Wageni walilamba sahani. Bwana Heriberto aliweka kijiko chini taratibu. "Mtamu sana, Bi Obdulia," akasema. "Ila si wake."

"Wa nani?"

"Wa mke wangu."

Alhamisi, 10 Oktoba

Amerudi. Darasa lile lile, soko lile lile, kofia ile ile.

Tukiwa tunakaanga ufuta akaniambia yote. Mkewe aliitwa Nicéfora. Kwao Tlaxiaco, huku huku kwetu Oaxaca, ila milimani. Alimfuata Heriberto kaskazini akiwa msichana, akapika mole mweusi kila harusi na kila msiba wa mtaa wao. Hakuandika wala hakumfundisha mtu. Februari akafa, moyo tu, akiwa amesimama sokoni.

Siku ya Wafu hii, marehemu wanaporudi nyumbani mwanzo wa Novemba, ndiyo ya kwanza kwake. Mume anataka chungu cha mole ule ule juu ya meza atakayomwandalia. "Asipoisikia harufu yake," anasema, "atajuaje kwamba nyumba ni ile?"

Wafu hawatafuni, wanakuja kula harufu, nani hajui? Nimemwandalia mama yangu meza miaka yote hii bila kujua nimemwekea nini. Anakula nisichokisikia.

Nikamwambia, "Tutautafuta mpaka tuupate."

Kwa nini nilisema vile? Tutautafuta kwa pua ya nani!

Jumamosi, 12 Oktoba

Chungu cha pili. Nimepunguza chokoleti, nimeongeza karafuu. "Unakaribia," anasema, "kisha unapita nje ya mlango." Nimebamiza sufuria. Yatziri amenitazama.

Jumanne, 15 Oktoba



Bwana Heriberto alikuja mapema kumenya nyanya. Sasa anakuja hata siku ambazo hakuna darasa, hajaombwa wala hajakatazwa. Mimi nilishaingia jikoni, nimeshika kiberiti. Nikasikia viatu vinakimbia uani. Akanidaka kifundo cha mkono, njiti zikamwagika.

"Gesi!" Alikuwa akipiga kelele. "Gesi, Bi Obdulia! Nimeisikia kutoka barabarani!"

Mpira wa mtungi ulikuwa umechomoka. Akafunga, akafungua madirisha, akanitoa uani akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kisha akanitazama. Akaona, najua. Mtu aliyeuza matairi maisha yake yote si mjinga.

"Hukuisikia."

Nikafuta mikono kwenye sketi.

"Na pilipili kule sokoni? Ule mvuto wa pumzi, macho umeyafumba?"

"Maigizo," nikasema. Sauti ikanitoka ndogo kama ya mtoto.

Nilingoja acheke, au adai alicholipa. Alikaa chini kwenye sakafu, magoti yake yakalia. Akauliza, "Unakosa nini zaidi?"

Hajawahi mtu kuniuliza hivyo. Nilidhani nitasema kahawa, au mkate ukitoka tanuruni. Nikasema: shingo ya Yatziri. Alipokuwa mdogo nilimbeba mgongoni na alinuka maziwa na vumbi. Sasa ni mwanamke, ana harufu yake nyingine, na mimi sitaijua.

Nililia mbele ya mgeni. Leo nimelia mbele ya mgeni.

Ijumaa, 18 Oktoba

Sokoni bila wageni. Yeye na mimi. Ameamua kwamba atanusa kwa niaba yangu.

Hana maneno! Mpishi angesema hiki kinanuka mdalasini, kile bizari. Huyu anajua matairi. Ameinama kwenye pilipili ndefu nyeusi za Delfina, akafikiri sana. "Tairi jipya," anasema. "Limelala juani. Lakini kuna mtu amelipaka asali."

Delfina: "Tairi! Toka kwenye mzigo wangu, bwana we!"

Kotimiri: "Mvua imenyesha kwenye uwanja wa mpira." Jibini: "Soksi za mwanangu akiwa na miaka kumi na tano, samahani." Nimecheka mpaka nikashika meza ya mwenye jibini.

Kwenye mapera akakawia. Sasa ndio msimu, yamerundikwa kila mahali. Akashika moja, akanusa, akalirudisha, akalishika tena.

"Je?" nikauliza.

"Kama chumba," akasema, "ambacho mwanamke ametoka sasa hivi."

Akanunua mfuko mzima.

Jumatano, 23 Oktoba

Delfina hana breki. Leo mbele ya wateja: "Huyu mkaskazini wako, shoga yangu, amekuja kujifunza kupika au kupikwa?"

"Ana mke," nikasema.

"Alikuwa naye!"

"Bado anaye. Ndiye anayemtafuta."

Delfina akaacha mzaha. Akauliza marehemu alikuwa wa wapi. Tlaxiaco? Akachapa kiganja kwenye paja lake. "Basi nyinyi mnahangaika nini? Watu wa huko wanatia majani ya parachichi! Yanachomwa, yanasagwa, yanaingia mwishoni. Muulize huyo bwana kama mkewe hakuwa na mti wa parachichi."

Heriberto amesimama kama aliyepigwa. Ulikuwepo. Nyuma ya nyumba. Haukuzaa hata parachichi moja, na kila mwaka yeye alitaka kuukata, na kila mwaka Nicéfora alimwambia, "Jaribu uone."

Tumenunua majani. Ameyabeba begani njia nzima kama bendera. Nimefurahi na kuumia kwa pamoja, sijui niseme vipi. Tukiupata, ataondoka. Basi lake ni Jumatano ijayo.

Nimeuzoea mlango kubishwa asubuhi. Hilo nalo nimeliandika. Liko hapo.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimeota harufu. Si ya chakula. Ya koti lililolowa mvua, la mtu mrefu. Nimeamka nikainusa mito yote miwili kama mwendawazimu.

Jumanne, 29 Oktoba

Leo hakuna darasa. Watatu tu, mimi, yeye na Yatziri.

Alikuwa pua yangu kuanzia mwanzo. Mimi natazama rangi, nasikiliza mbegu zikipasuka kwenye kikaango cha udongo, yeye amesimama karibu, bega kwa bega, ananiambia. "Ngoja… bado kijani… sasa inakuwa karanga… sasa — toa!" Mbegu za pilipili tulizichoma mpaka zikawa makaa. Jirani akakohoa ukutani na kututukana. Yatziri akamtukana naye. Siku njema.

Majani ya parachichi aliyasaga mwenyewe kwenye jiwe, amepiga magoti, shati limelowa mgongoni. Nikayatia mwishoni. Mole ukageuka ukawa mweusi wa kung'aa, unapumua mapovu mazito.

Nikampakulia.

Kijiko cha kwanza. Akaacha kutafuna — na hakuna cha kutafuna kwenye mchuzi. Akageukia ukuta. Mgongo wake ulikuwa ukipanda na kushuka. Kisha akala, akala yote, akafuta sahani kwa kipande cha tortilya, chapati ya mahindi, mpaka udongo ukaonekana.

Yatziri ameonja. "Shangazi! Hujawahi kupika hivi. Hujawahi!"

Mimi nikamngoja Heriberto aseme.

"Bado kidogo," akasema. Hakunitazama. "Kuna kitu kinakosekana. Sijui ni nini. Labda… labda nikae siku chache zaidi."

Nikachukua kijiko nikaonja mwenyewe. Chumvi. Uchungu. Utamu kwa mbali. Basi. Oaxaca nzima ina wanawake wangapi wenye ndimi? Na mimi, niliyeupika, peke yangu siwezi kumwambia: mwongo.

Lakini macho ninayo.

Anadanganya kwa ajili gani? Ili abaki na mimi? Au anaogopa kusema "ndio huu," kwa sababu akishasema, hana tena cha kumtafutia Nicéfora? Siku atakayoacha kumtafuta ndiyo siku Nicéfora atakayokufa kabisa. Ninaweza kumwelewa. Ninataka iwe ile sababu ya kwanza. Nimeandika. Naomba Mungu anisamehe, na Nicéfora pia.

Jumatano, 30 Oktoba

Basi limeondoka. Yeye alikuwa jikoni kwangu, anamenya vitunguu saumu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Mwanawe alipiga simu. Sauti ilitoka nje ya simu mpaka mimi nikasikia kwenye sinki. Kwamba wameshaweka maua na picha mezani, kwamba mama anakuja kesho kutwa na baba hayupo, kwamba watu wanauliza. Heriberto akasema, "Wekeni kila kitu anachopenda, mwanangu. Wekeni." Kijana akauliza kitu kwa sauti ya chini. Baba akakiweka kisu chini. "Sijui," akasema. "Kwa kweli sijui."

Hatukula pamoja. Nilisema naumwa kichwa.

Alhamisi, 31 Oktoba

Asubuhi maua ya manjano, mikono yetu yote imegeuka rangi. Yatziri amefunga tao la miwa juu ya meza. Mama yangu katikati, kwenye fremu ya fedha, amekasirika kama kawaida yake kwenye picha. Mikate, kakao, mapera, maji, chumvi, ubani. Nimewasha ubani nikauona moshi ukipanda. Kuuona tu.

Jioni hii amebisha. Amevaa shati lililopigwa pasi. Hakuingia. Akatoa pochi, na kutoka kwenye pochi picha ndogo, imekunjika pembe. Mwanamke wa uso wa duara anacheka na mtu ambaye hayumo pichani.

"Naomba niiweke kwenye meza yako," akasema.

"Yake iko Monterrey, Bwana Heriberto. Wamemwandalia."

"Akienda huko atanikosa. Akija hapa atanikuta."

"Atakukuta na mimi."

Kofia ikazunguka mikononi mwake. "Ndiyo," akasema.

Hivyo tu. Ndiyo.

Moyo wangu umepiga hovyo, mwanamke wa umri wangu! Nikatafuta pa kujificha, nikakimbilia chakula, kama siku zote. Nikauliza, "Na utamwekea nini ale? Mole bado hatujaupata. Umesema mwenyewe."

Akanitazama, mara ya kwanza tangu juzi.

"Ule wa Jumanne," akasema. "Kama haujaisha."

Haujaisha. Nimeufunika, uko kwenye chungu, sikumpa mtu hata kijiko.

Nimemwambia angoje, nitazame kwanza kama kuna nafasi. Nimeingia, nimekaa, nimeshika kalamu badala ya kumjibu. Yuko uani. Namsikia anahamisha uzito mguu huu, mguu ule. Yatziri amepita na sinia la mikate, amemwona yeye, ameniona mimi, akatoka bila kusema "Shangazi anasema". Mara moja tu katika maisha yake.

Picha ile niliishika. Nicéfora ana meno mazuri. Ana macho ya mtu anayejua anapodanganywa. Ningempenda, huyu. Tungegombana juu ya karafuu.

Simu yake inalia huko nje. Lazima ni mwanawe. Inalia, inalia. Haipokei. Haizimi.

Nimesimama, nimemsogeza mama kushoto. Kidogo. Tena kidogo. Pengo la picha limepatikana, upana wa kiganja, nguo ya meza hapo ni nyeupe kabisa, haijaguswa na ua wala nta. Nimeupasha mole moto, mvuke unapanda. Chungu nimekiweka mezani kwa mikono yangu miwili.

Simu imenyamaza. Sasa ananiita. Si "Bi Obdulia." Obdulia tu.

Bado sijaitika—