Fundo la Marehemu Baba

Jayyan, mwezi wa Mfungo Sita, mwaka 609

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti lako limepata nafuu na ule mtini wa uani umezaa. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Mengine utayasoma.

Barua yako imenifika. Unasema majirani hapo Gharnata wanamiminika kukupongeza kwa kuwa Zaiduni, kitinda mimba wako, alikufa shahidi vitani pale Uqab bila kurudi nyuma hata hatua moja. Unataka mimi, kaka yake, niandike nilichokiona ili kisomwe msikitini. Basi kisome kwanza wewe mwenyewe, mama, na mlango uufunge.

Walinzi wa hema la khalifa hufungwa magoti kwa kamba ili asiwepo wa kukimbia. Zaiduni alijitolea kuwa mmoja wao. Nilimsihi aache, akanicheka mbele ya kambi nzima. Alisema mimi nimezaliwa na miguu ya sungura, kwenye sinia wa kwanza na kwenye mbio wa kwanza. Watu wakaangua kicheko. Neno hilo liliniuma, mama, liliniuma sana.

Asubuhi ya vita wakatafutwa wajuzi wa kamba. Nani tena kama sisi, watoto wa msuka kamba? Nikapiga goti mbele ya ndugu yangu. Uso ulikuwa umempauka. Akainama, akaninong'oneza, "Kaka, nifungie lile fundo la punda."

Unalijua, ukivuta ncha tu linafunguka. Mimi nikamfunga fundo la marehemu baba, lile ambalo kadiri unavyolivuta ndivyo linavyozidi kukaza. Nikamwambia, "Haya shujaa, simama sasa."

Adhuhuri Wakristo walivunja safu zetu. Jemadari wetu aligeuza farasi, nasi tukageuka naye. Ndiyo, nilikimbia. Nilipita karibu na hema, nikamkuta Zaiduni ameketi chini, anaing'ata kamba kwa meno. Aliniona. Hakunitukana. Alisema tu, "Kaka, kisu."

Kisu kilikuwa kiunoni mwangu, na Wakristo walikuwa bado hatua hamsini. Sikusimama.

Kwa hiyo majirani wakikuuliza, wajibu kwamba ni kweli, hakurudi nyuma hata hatua moja.

Nisalimie shangazi na wote wa nyumbani. Kamba sisuki tena. Dua zako mpe yeye, mimi usiniombee kitu.

Ni mimi mwanao, uliyebakiwa naye,
Mufariji