Kaka, Niache Nikosee Mwenyewe

Nyasho,
Musoma.
8 Juni 2025.

Mpendwa kaka Fredy,

Shikamoo kaka. Habari za Dodoma? Wifi Pelagia na watoto hawajambo? Samwel kifua kimepona? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mguu wa mama mkubwa umepata nafuu, jana kasimama mwenyewe kukaanga sato.

Usishangae barua. Kwenye simu hunipi nafasi nimalize sentensi, na kwenye karatasi huwezi kunifutia neno. Anakuletea shangazi Recho, anasafiri kesho.

Kaka, ni ile edita uliyoniwekea kwenye kompyuta ya sebuleni, ile ya kuandikia programu tukiwa tumeunganishwa, nikiandika mimi huku wewe unaona hapohapo Dodoma. Mwanzoni nilifurahi. Sasa imekuwa jela, jamani! Sijamaliza mstari umeshaurekebisha. Kabla sijajua nimekosea, kosa halipo. Nikiizima kidogo nipumue, unapigaga simu kwa mama mkubwa, naye anatoka jikoni na mwiko mkononi: "We Ghati, kaka yako anasema umepotea, umeenda wapi?" Niende wapi mie, si nimekaa hapa mbele yake!

Na nitasema nini? Kompyuta umenunua wewe, nyumba ni ya mama yako, ugali ni wenu. Mama yangu kule Kiabakari naye kila siku wimbo ni mmoja, usimuudhi kaka yako. Nimebanwa kila upande.

Ijumaa nilipeleka chuoni programu yangu ya kuita wagonjwa kwa foleni hospitalini. Mwalimu Abednego akaonyesha mstari mmoja tu, akauliza, "Hapa kwa nini umeandika hivi?" Nikabaki nimekodoa macho. Ule mstari ni wako, kaka. Ni mzuri, lakini siujui. Mwalimu amenipa nafasi ya mwisho mwezi ujao, nikishindwa narudia mwaka mzima.

Basi nimechagua. Nimeweka edita nyingine, ndogo, nyepesi, haihitaji intaneti. Haina madoido, hata maneno hainimalizii. Jana nimekaa nayo tangu asubuhi nikikosea mpaka nikalia. Hadi sasa foleni inamwita mgonjwa mmoja mara mbili, ila hilo kosa ni langu na nalijua lilikotoka.

Ile yako nimeiondoa. Najua utanuna. Nakupenda na wema wako siusahau, lakini siirudishi. Hata sasa hivi simu ya mama mkubwa inaita, bila shaka ni wewe, nami naendelea kuandika.

Nisalimie wifi, Samwel na mdogo wake Happyness. Mungu awafunike nyote hapo nyumbani. Na ukinikumbuka kwenye sala, kaka, usiniombee nisikosee. Niombee nikiulizwa "kwa nini", niwe na la kujibu.

Mdogo wako akupendaye, hata ukinuna,
Ghati