Kabla Injini Haijapata Moto

Kwa Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakufikia ukiwa na nguvu, na ule mgongo umepunguza kukusumbua. Wifi yangu hajambo? Na yule mdogo, ameshaota jino la mbele au bado anacheka kibogoyo? Wabusu wote, waambie shangazi anawakumbuka. Mimi ni mzima wa mwili.

Shemeji yako anakusalimu. Juzi alikaa kitandani bila kuegemea mto, akala nusu sahani, akasema nimepika vizuri ingawa nilisahau chumvi. Ndivyo alivyo, Kaka. Miezi minne ya ndoa, na akinitazama bado nasahau nilichokuwa nakifanya. Mguu wameukata chini ya goti. Kidonda kinakauka, lakini vidole ambavyo havipo vinamwasha, naye huniomba nimkune. Basi nakuna shuka, pale vilipokuwa, mpaka aseme inatosha. Ngazi zake mbili wamezirudisha, zimeegemea ukuta wa uani. Mpakaji rangi asiyeweza kupanda ngazi atafanya kazi gani, hilo bado hatujaliongelea.

Barua yako nimeipata. Umesema Ijumaa utakuja, uende moja kwa moja kwa mwenye gereji, na hutaondoka mpaka yule fundi afukuzwe, kwa kuwa alilikagua gari la marehemu Baba akaandika ni zima, na siku kumi na tisa baadaye likamvunja mume wangu. Kaka, kabla hujapanda basi, nisome mpaka mwisho.

Unakumbuka ulivyotukabidhi funguo siku ya harusi, nikalia mpaka wanja ukachuruzika. Kiti cha nyuma cha gari lile ndicho kilichokuwa kitanda changu cha mchana nilipokuwa mdogo. Mume wangu naye alilipenda. Alifunga ngazi juu yake, akasema sasa yeye ni tajiri wa ngazi mbili na mke mmoja.

Mwezi wa pili, asubuhi moja ya baridi, aliliwasha likalia kama kokoto ndani ya kopo la bati. Ni kitambo kidogo tu, kisha kimya. Akafungua boneti, akasikiliza, hakuna kitu. Akasema kama ni cheni ya injini basi mzee amechoka, atamuuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu na kununua pikipiki. Alisema huku akinifinya shavu.

Tangu siku ile nikawa naamka kabla yake. Usingizi wake ni wa gogo, unamjua. Nalipasha gari moto, nachemsha maji, ndipo namwamsha. Yeye akitoka, injini inakoroma kama paka aliyeshiba. Aliwaambia wenzake kazini kwamba wao wameoa, yeye ametunukiwa. Kaka, nilivimba kichwa wiki nzima!

Hata hivyo ule mlio haukumtoka moyoni, akaenda gereji. Fundi wanamwita Sikio. Ni mtu mzima, mwembamba, huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni kama daktari. Kwanza alimtania mume wangu kwamba bwana harusi asiyelala husikia mengi. Alipomaliza kucheka akaeleza kuwa injini ya zamani ikilala, oili yote hushuka chini, na asubuhi cheni iliyolegea hugonga mpaka oili ipande tena. Ikishapata moto haisemi neno. Kwa hiyo asipelekewe gari gereji, maana litafika limeshapona. Atakuja mwenyewe alfajiri, na mtu yeyote asiliguse tangu jioni. Mficha maradhi, alisema, kifo humuumbua, na hakuna mficha maradhi kama gari.

Alikuja. Akaweka kiganja kwenye boneti, ni baridi. Akawasha mwenyewe. Laini kabisa. Akainama na bisibisi yake muda mrefu, akazima, akawasha tena, akakuna kichwa, akasema mgonjwa amemwona daktari akapona. Akaandika kwenye karatasi ya gereji kwamba injini haina tatizo.

Siku kumi na tisa. Mlimani, ngazi zikiwa juu, cheni ikakatika. Injini ikazima, breki zikawa ngumu kama jiwe, gari likaanza kurudi nyuma. Alifungua mlango aruke. Mguu ukabanwa kati ya mlango na ukuta wa kando ya barabara.

Kaka, Sikio hakukosea. Asubuhi ile aliyokuja, mimi niliamka kabla ya jogoo. Nililiwasha, likalia, nikaliacha mpaka likapata moto, nikazima. Kisha nikalimwagia ndoo sita za maji baridi, zaidi kwenye boneti. Sikio alinikuta na kitambaa mkononi, akamwambia mume wangu kwamba mke anayeosha gari alfajiri ni wa kutunzwa. Nikacheka. Nilidhani naficha uzee tu, ili Baba asiuzwe kwa kilo.

Na kila asubuhi nilikuwa nahesabu, sijui kwa nini. Mwanzo mlio ulikwisha kwenye mbili. Ukafika nne, ukafika saba. Siku ya ajali nilihesabu mpaka kumi na moja, nikaingia ndani nikamwamsha kwa busu.

Leo mchana nimemwambia. Hakunigombeza. Aliuliza tu ilifika ngapi siku ile, nikamjibu. Akageukia ukuta. Baadaye nikamwona anakunja uso, nikajua ni vidole, nikanyoosha mkono nimkune kama kawaida. Aliushika mkono wangu akauweka kando, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Akasema atajikuna mwenyewe.

Kesho asubuhi nakwenda gereji. Tayari wamemsimamisha Sikio, na vyombo vyake vimefungiwa. Nitamwambia mwenye gereji hesabu zote, mbele ya mafundi wake, na kuhusu zile ndoo. Wewe Ijumaa njoo, lakini usije kwa Sikio. Njoo ukae na shemeji yako, na akisema nirudi nawe, nitarudi. Nampenda, Kaka. Hilo sikumficha hata siku moja.

Msalimu wifi. Watoto usiwaambie kitu, waambie tu gari la babu limekufa.

Ni mimi mdogo wako,
yule wa kiti cha nyuma.